Kumwombea Radhi Asiyekosa

Siku moja ambayo hainitoki kichwani, mwanangu, ilikuwa Jumatano. Naikumbuka kwa sababu ndiyo siku niliyojivunia Kiingereza changu kwa mara ya kwanza, na haikufika saa nane mchana nikawa nimeshajuta. Umeniambia kesho unakwenda kukaa upande wa mwenzako kwenye kikao cha nidhamu huko kazini kwenu, umsemee. Nimefurahi. Lakini kaa kwanza hapo, weka hiyo simu, nikueleze mimi nilivyomsemea mtu hapa hapa Durban, na nilivyomharibia.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne. Nilikuwa nimetoka Tanga, sijamaliza hata miezi mitano, nikapata kazi kwenye karakana ya kushona mapazia kule Greyville, mtaa wa pili kutoka uwanja wa mbio za farasi. Usinione leo nazozana na watu wa maji na umeme kwenye simu. Wakati ule Kiingereza changu kilikuwa salamu ya asubuhi na asante. Nikishavitoa hivyo viwili, nilikuwa bubu mpaka jioni.

Mwenye karakana tulimwita Bhai Yusuf. Bhai ni kaka kwa Kiurdu, na nyumbani kwao walikuwa bado wanazungumza lugha hiyo. Kwa kawaida yake alikuwa mtu wa haki, ila alikuwa na haraka, na hasira zake zilikuwa za asubuhi. Juu ya karakana, ghorofani, aliishi mama yake mdogo, mwalimu mstaafu wa miaka sabini na kitu, na sote tulimwita Khala. Neno hilo sikuhitaji kufundishwa, maana kwetu pwani wapo wanaomwita dada wa mama haloo.

Khala ndiye aliyenifundisha Kiingereza, na namna alivyonifundisha ni kichekesho. Kiswahili hakukijua, nami Kiurdu sikukijua. Lakini mimi nilikaa chuoni, chuo cha Kurani, miaka saba, herufi za Kiarabu nilizisoma bila kuhangaika, na Kiurdu huandikwa kwa herufi hizo hizo pamoja na chache zao wenyewe. Basi aliandika neno la Kiingereza upande huu na la Kiurdu upande ule. Mimi nalisoma la Kiurdu kwa sauti, na mara nyingi naona lina jamaa yake kwetu. Kitab, waqt, jawab, dalil. Yasiyo na jamaa aliyaigiza kwa mikono na macho, mtu mzima yule, bila aibu hata kidogo. Kila siku baada ya sala ya adhuhuri, katika mapumziko yetu ya chakula, nilipanda ngazi, nikapewa chai ya maziwa na maneno mawili.

Maneno hayo aliyaandika kwenye vikaratasi vya vipimo. Bhai Yusuf akienda nyumbani kwa mteja kupima madirisha, aliandika upana na urefu kwenye kikaratasi, nacho kikaletwa meza ya kukatia. Kazi ikiisha, kikaratasi kinachomekwa kwenye msumari mrefu ukutani. Khala hakupenda kutupa kitu kinachofaa. Kila Jumanne, wakati wengine wamekwenda kula, alishuka polepole, akachomoa vya kazi zilizokwisha, akapanda navyo. Upande wa nyuma uliokuwa mweupe ndio uliokuwa daftari langu.

Mkataji wetu alikuwa Espérance, Mrundi, amenizidi miaka kama kumi. Alikuwa na watoto wawili, anakaa Cato Manor, mume hayupo. Mkasi wake alikuja nao kutoka Bujumbura, anaufunga kwenye kitambaa kila jioni, na hakuna aliyeruhusiwa kuugusa. Tena alikuwa na desturi moja ambayo sikuwahi kumwona akiivunja. Hakuingiza mkasi kwenye kitambaa mpaka namba isomwe mara mbili. Yeye anaisoma kwa sauti, mimi natazama karatasi naisoma tena, ndipo anakata. Mwanzoni niliona ananipotezea muda. Baadaye nikaelewa kwamba ndivyo mtu anavyojilinda akiwa mgeni kwenye meza ya wenyewe.

Wiki ile tulikuwa na kazi ya nyumba moja ya Sydenham, nyumba yenye harusi, mahameli ya rangi ya dhahabu mpaka macho yanauma. Espérance akasoma urefu kwa sentimita, "Two, two, eight." Nikainama, nikatazama, nami nikasema, "Two, two, eight." Akakata. Tukashona, na Jumatatu mapazia yakaenda kwa wenyewe.

Jumatano asubuhi mama wa bibi harusi akaingia karakana kabla hata hatujafungua mashine. Mapazia yalikuwa yanaelea. Yameishia futi nzima juu ya sakafu, na harusi Jumamosi. Bhai Yusuf aliomba msamaha pale mlangoni, akamsindikiza mpaka garini, kisha akarudi kwenye meza ya kukatia uso umebadilika.

"Nilipima two-five-eight," alimwambia Espérance. "Wewe umekata two-two-eight. Hujui kusoma?"

"Patron, uliandika two-two-eight," Espérance akasema, maana bosi kwao ni patron. Aliitamka taratibu, chaki bado iko mkononi.

"Lete karatasi."

Kwenye msumari haikuwepo. Tulitafuta chini ya meza, tukatafuta kwenye mfuko wa vipande, haikuonekana. Bhai Yusuf akasema Espérance ameitupa kuficha kosa lake, na kwamba mkataji asiyeweza kusoma namba hawezi kumweka. Mimi, mwanangu, nilijua vikaratasi vinakokwenda, na nilijua jana yake ilikuwa Jumanne. Lakini hofu ilikuwa imenifunga akili, halikunijia kabisa.

Uelewe kilichokuwa hatarini. Karakana za mapazia za upande ule zilijuana. Mkataji akifukuzwa kwa kukata vibaya, jina lake linafika kwenye mlango wa pili kabla yake. Espérance hakuwa na kazi nyingine aliyoijua, na ile aliijua kuliko mtu yeyote niliyewahi kumwona. Wanawe walikula kwa mkasi ule.

Sasa ndipo ninapoingia mimi na usomi wangu. Jana yake Khala alikuwa amenifundisha neno 'plead'. Kwa Kiurdu aliandika minnat karna, na chini yake iltija karna, kisha akaigiza. Viganja pamoja, kichwa upande, macho yanaangalia miguu ya mtu. Nikalielewa papo hapo. Ni kusihi. Nilipenda lilivyo laini. La pili siku ile lilikuwa 'argue', bahas karna, na hilo aliliigiza kwa kuinua kidole na kumtazama mtu usoni. Hilo sikulipenda. Kwetu mtoto wa kike anayemwinulia mkubwa kidole anaambiwa hakulelewa. Nikaliacha huko huko kwenye karatasi, nikakunja, nikatia kwenye pochi.

Na kwetu, wewe umezaliwa huku huenda hujaliona, mkubwa akikasirika na jirani yako humuulizi nani ana haki. Unakwenda wewe, unamwombea radhi jirani, hata kama hakufanya kitu. Unasema amekosa, msamehe, ni mtoto wako. Mkubwa anapoa, watu wanapeana mikono, na hakuna anayebeba lile neno "amekosa" kwenda nalo nyumbani. Kila mtu anajua ni maji ya kuzimia moto tu. Nililelewa hivyo, nikadhani dunia nzima iko hivyo.

Basi nikapiga moyo konde. Nikasogea mbele ya Bhai Yusuf, nikaunganisha viganja kama Khala, nikasema, "Bhai, I plead with you." Wenzetu wote wa mashine wakanigeukia, maana hawakuwahi kusikia sentensi nzima ikitoka kinywani mwangu. Nikaendelea kwa vipande vipande. Amsamehe. Ana watoto. Hatarudia tena.

Bhai Yusuf alinitazama, na hasira ikamtoka usoni. Kwa kitambo nikaona nimeshinda.

"Unaona?" akamwambia Espérance. "Hata Saumu, aliyekuwa na wewe mezani, anakuombea. Mwenzako ana adabu, amekubali kosa kwa niaba yako. Wewe mpaka sasa unabisha." Kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba kwa heshima yangu hatasema zaidi, ila achukue vitu vyake.

Espérance akaweka chaki mezani. Hakumtazama Bhai Yusuf. Alinitazama mimi, akasema kwa Kiswahili chake, "Saumu, weye ulirudia namba. Tuliisoma wote wawili."

"Nilikuwa nakuombea, dada."

"Nani alikutuma kuniombea? Mi nilikosa nini?"

Akaufunga mkasi wake kwenye kitambaa, akavaa koti, akatoka. Nilirudi kwenye mashine yangu, nikashona upindo wa mashuka mpaka saa sita na nusu, huku nikijidanganya kwamba angalau nilijaribu.

Mchana nikapanda kwa Khala. Utacheka, lakini nilikwenda kumweleza kwamba nimelitumia lile neno. Nadhani nilitaka aniambie nimefanya vizuri. Nikamsimulia, kwa Kiingereza cha vipande na mikono, naye akasikiliza mpaka mwisho.

"Alikosa nini?" akauliza.

"Hakukosa, Khala. Tuliisoma namba pamoja."

Akaweka kikombe chini. "Ulijua hakukosa?"

"Ndiyo."

"Na ukamwombea msamaha?"

Nikamweleza desturi ya kwetu. Akanisikiliza na hiyo pia, bila kunidharau. Akasema kwao nako, zamani, ilikuwa hivyo hivyo. Kisha akasema, taratibu ili nisipoteze neno hata moja, "Beti, wewe ndiye uliyekuwa shahidi. Shahidi akiomba msamaha, watu wanajua kosa lipo. Yusuf alikuwa na shaka asubuhi. Wewe umemwondolea."

Beti ni binti. Aliniita hivyo kwa upole, na upole ule uliniuma kuliko kama angenifokea. Nilijitetea kidogo. Nikasema niliogopa kumkosea adabu Bhai. Akaniuliza kama nilimwogopea Bhai heshima yake au nilijiogopea kazi yangu. Na kweli, mwanangu, namba niliirudia mimi. Kama kukata kulikuwa na kosa, kosa hilo lilikuwa na vinywa viwili. Nilipomwombea Espérance, nilijiweka upande wa wanaosamehe, na hakuna aliyekumbuka kuniuliza mimi nilisoma nini. Hofu yangu niliivika nguo ya adabu, nikatoka nayo mbele za watu.

Khala akaniambia nitoe kikaratasi cha jana, tulisome tena lile neno la pili nililolikimbia. Nikakitoa kwenye pochi. Akavaa miwani, akasoma bahas karna, akataka kuniongezea chini yake dalil dena, kutoa dalili. Nafasi ilikuwa imekwisha. Akakigeuza aone kama upande wa pili una mahali.

Mkono wake ukasimama. Nami nikainama. Mwandiko wa Bhai Yusuf, kalamu ya bluu, jina la ile nyumba ya Sydenham, na chini yake urefu. Mbili, mbili, nane.

Asubuhi yote, pale niliposimama na viganja vyangu nikisihi, dalili ilikuwa kwenye pochi yangu, imekunjwa mara mbili.

"Mimi ndiye niliyeitoa kwenye msumari," Khala akasema. "Na Yusuf ni mtoto wa dada yangu. Nitamwambia sehemu yangu jioni." Akanirudishia karatasi. "Lakini hii hainihusu mimi kuishusha. Kinywa chako ndicho kilichosema hatarudia tena."

Nikamsihi, ndiyo, hilo neno nililijua sana, nikamsihi ashuke na mimi. Akakataa. Badala yake akanifundisha sentensi tatu fupi, akanitamkisha mpaka ulimi ukazoea. Sivyo ilivyokuwa. Nilikuwepo. Karatasi hii hapa.

Ngazi zile ni kumi na nne. Nilizihesabu huku nikirudia sentensi zangu. Bhai Yusuf alikuwa peke yake kwenye meza ya kukatia, anapima mahameli iliyobaki aone kama itatosha kuunga. Nikasema sentensi zangu tatu, nikaweka karatasi juu ya mahameli.

Akaitazama. Akaigeuza, akaona mwandiko wa Khala na maneno yake, akaigeuza tena. "Two-two-eight aliisoma yeye," nikaongeza kwa Kiingereza changu, "na mimi niliisoma."

"Asubuhi ulisema amekosa," akasema. "Sasa unabishana na mimi?"

Hapo ningeweza kurudi nyuma. Samahani Bhai ilikuwa imeshafika kwenye meno. Badala yake nikasema, "Yes, Bhai. I argue." Sikuinua kidole, kidole kilinishinda. Lakini nilimtazama usoni.

Alikaa na ile karatasi kwa muda mrefu, kidole chake kinafuata namba ya katikati, kama vile ingebadilika akiikazania. Kisha akavuta pumzi, akasema, "Eish," mguno wa watu wa huku. Nikajua amekubali. Akaniambia nimwite Espérance arudi.

Nikapanda taxi mpaka Cato Manor saa ile ile. Nilimkuta uani anafua sare za shule za watoto. Hakunikaribisha wala hakunifukuza. Nikamwambia patron amesema arudi, karatasi imepatikana. Akalikamua shati alilokuwa nalo, akalitundika, ndipo akauliza.

"Na weye ulisema nini?"

Nikamweleza yote, pamoja na pochi. Nikamwomba radhi, safari hii kwa kosa langu mwenyewe, na nililia bila kujificha. Akaniacha nimalize.

"Huruma yako sikuiomba, Saumu," akasema. "Mi nilitaka tu useme namba."

Akakataa kurudi siku ile. Akasema atarudi patron akisema mbele ya meza, mbele ya wale wale waliosikia asubuhi, kwamba namba ile aliiandika yeye mwenyewe. Nilidhani amejifungia mlango. Lakini Ijumaa asubuhi Bhai Yusuf alisimama akasema hivyo, maneno machache, uso umemwiva. Espérance akafungua kitambaa, akatoa mkasi, na siku hiyo hiyo tukaunga upindo wa rangi ya maziwa chini ya yale mapazia, yakafika Sydenham kabla ya harusi. Alifanya kazi pale miaka tisa zaidi. Tulikula pamoja, tulilea pamoja, nawe umembeba mjukuu wake mgongoni. Lakini sitakuficha. Namba zake, tangu siku ile, alimpa mtu mwingine azirudie. Hakunisema kwa yeyote, wala hakuninunia. Alimwita tu dada wa mashine ya tatu, kila mara, mpaka nilipohama. Na nilimsikia kila mara.

Kwa hiyo kesho, mwanangu, kabla hujafungua mdomo, jiulize moyoni kama mwenzako amekosa au hakukosa, na ujijibu ukweli. Kama amekosa, msihi, uinamishe kichwa, utaje watoto wake na miaka aliyofanya kazi, hakuna aibu kwenye kusihi. Lakini kama hakukosa, usimwombee msamaha hata kama chumba kizima kinakutazama kikisubiri upole wako. Msamaha wako utakuwa hukumu yake. Sema ulichokiona, sema ulikuwepo, na kama una karatasi iweke mezani. Wakikuambia unabishana, wakubalie. Na kama na wewe ulirudia namba, sema na hilo, kabla hawajakuuliza. Tena pekua mifuko yako leo, hizo picha na meseji za kazi zilizo kwenye simu yako, usije ukaomba huruma na haki unayo mwenyewe.

Mungu akutangulie kwenye chumba hicho, akupe maneno machache na magoti ya kukusimamisha, na mwenzako akitoka humo aendelee kukuita wewe. Shati lako jeupe nimelipiga pasi, liko nyuma ya mlango.